Mdogo wangu hajapigwa hata kofi, lakini sumu naiona. Kwa nini kila akiondoka anarudi?

#1 Dada wa Kibosho
Wakuu salaam. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Mdogo wangu anaishi Arusha, Sakina, na mwanaume aliyezaa naye mtoto mmoja. Mahari imetolewa nusu, kanisani bado. Huyu shemeji hajawahi kumnyanyulia mkono. Ni mpole wa sauti, akija kwa wazazi anachinja mbuzi, mama anamsifia kwa majirani. Krismasi iliyopita tulikutana wote nyumbani Kibosho, yeye akabaki Arusha na wageni wake wa safari. Mdogo wangu alikula chakula chote ameegemeza simu kwenye chupa ya chai, kamera inatazama sebule nzima. Simu ya video, imewashwa tangu saa saba mchana. Akiingia mtu anaigeuza kidogo ili shemeji aone ni nani: "huyu ni mtoto wa baba mkubwa". Akitaka kwenda chooni anaaga kwenye simu. Watu wanacheka, wanasema mapenzi motomoto. Mimi chakula hakikushuka.

Nikaanza kufuatilia. PIN ya M-Pesa yake anayo shemeji. Saluni aliyokuwa nayo Mianzini imefungwa kwa maelezo kwamba wateja wanaleta umbea. Akichelewa kupokea simu hatukanwi, anasusiwa. Mwanaume ananyamaza ndani ya nyumba wiki nzima, mtoto ndiye anatumwa "mwambie mama yako". Inaisha pale mdogo wangu anapoomba radhi kwa kosa asilolijua.

Ameshaondoka zaidi ya mara moja, na kila mara anarudi. Safari ya mwisho shemeji alikuja na wazee na isale, lile jani la kuombea radhi. Baba akasema isale halikataliwi, mtoto na mama yake wakapakiwa kwenye gari.

Dai langu: sumu kwenye mahusiano usiitafute kwenye alama za mwilini, itafute kwenye hofu. Mtu akianza kupanga siku yake nzima ili mwenzake asinune, hapo pameshaharibika. Swali: kwa nini anarudi, na sisi ndugu tufanye nini?

#2 Dereva Noah
Ngoja waje wenye uzoefu. Nimekaa siti ya mbele.

#3 Mtori wa Moto
Pole dada. Mimi naona anarudi kwa sababu hana pa kwenda, na hapo ndipo pa kuanzia. Chumba na sebule Arusha mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi. Mtoto anakula, anaugua. Saluni imefungwa, hata mia yake inapitia kwenye simu ambayo PIN anayo mtu mwingine. Unamwambia "ondoka", anaondoka na nini? Mpeni mtaji kwanza, ushauri utafuata.

#4 Kahawa Chungu
#3 nakupinga. Mama yangu mdogo ana duka la jumla Mbuyuni na nyumba za kupangisha Pasua. Mume ndiye anayekula kwake. Anatukanwa mbele ya wateja, anaitwa mjinga mbele ya vijana aliowaajiri mwenyewe. Hela anayo, hati za nyumba anazo, na bado yupo.

Anachoogopa ni Desemba. Ninyi wa Kilimanjaro mnanielewa. Ukoo wote unarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kila mtu anaangalia nani kaja na nani, gari gani, watoto wa nani. Mwanamke aliyeachika anaulizwa na watu kuanzia mlango wa kanisa mpaka kwenye mtungi wa mbege. Mama mdogo aliniambia kwa mdomo wake kwamba heri matusi ya mtu mmoja kuliko maswali ya ukoo mzima.

#5 Meku wa Rau
Naomba niseme juu ya isale, maana naona linatumiwa vibaya. Kwetu Wachagga isale ni jani la amani. Anayekuletea anakiri kwamba amekosa na anataka yaishe. Ni kweli halikataliwi, wazee wetu walisimamisha ugomvi mkubwa wa mipaka na hata wa damu kwa jani hilo. Lakini kusamehe ni kuondoa kinyongo. Halijawahi kuwa hati ya kukabidhiana mtu. Na nilivyowakuta wazee wangu wakifanya, anayekuja na isale anataja kosa lake mbele za watu wanaosikia. Huyo kijana alitaja kosa gani?

#6 Dada wa Kibosho
Meku shikamoo. Alisema "kama kuna mahali nimemkwaza". Kosa hakulitaja. Na aliyeulizwa kama amesamehe ni baba. Mdogo wangu alikuwa jikoni.

#7 Meku wa Rau
Marahaba mwanangu. Basi mdogo wako hajaombwa radhi mpaka leo. Mwambie baba yako nimesema hivyo, na kama yuko tayari tuongee wazee kwa wazee, niandikie pembeni.

#8 Kijana wa Kijenge
Naona jamaa anahukumiwa hayupo. Mimi nikikasirika nanyamaza, tena makusudi, ili nisitoe neno baya. Na mimi ni sumu? Siku hizi kila kitu sumu. Watu wakigombania rimoti wanakimbilia mtandaoni.

#9 Muuguzi wa Zamu
Kijana, swali lako lina maana, usione watu wamekunja sura. Anayenyamaza ili apoe humwambia mwenzake: "niache kidogo, tutaongea jioni." Jioni ikifika wanaongea. Anayenyamaza ili mwenzake ateseke hasemi kinachomuudhi wala lini kitaisha, na kimya kinakatika siku mwenzake akipiga magoti. Angalia pia nani ana haki ya kununa. Kwako wewe mwenzio naye akikasirika ananyamaza, na unamwacha. Kwa huyo dada, yeye akinuna siku moja ni vita.

Kuhusu kurudi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, mwaka 1979 alieleza mzunguko wa hatua tatu baada ya kuzungumza na wanawake wengi waliokuwa wanateswa na wenza wao. Kwanza presha inapanda ndani ya nyumba, kila mtu anatembea kwa kunyata. Kisha inalipuka. Kisha zinakuja siku za asali: zawadi, machozi, ahadi, nyama choma ya Jumapili. Halafu inaanza upya. Wapo waliompinga baadaye kwamba si kila nyumba inafuata hatua hizo, na ni kweli, kuna nyumba hazina asali kabisa. Lakini palipo na asali, ndiyo inayofunga. B. F. Skinner aliona kwenye maabara kwamba njiwa anayepewa punje mara moja moja bila mpangilio hung'ang'ania kudonoa kuliko anayepewa kila mara, hata punje zikishakatwa. Wema unaokuja kwa kubahatisha unamfanya mtu aungoje. Dada wa Kibosho, muulize mdogo wako wiki ya kwanza baada ya isale ilikuwaje. Naamini atakuambia ilikuwa nzuri kuliko zote.

Wodini nimejifunza kitu kimoja. Namuuliza mgonjwa "unaumwa wapi mama?", na kabla ya kujibu anamtazama mume. Hapo namwomba mume akalipie kipimo dirishani, nabaki na mama peke yetu. Na nawaomba nyote: kama mtu amewahi kukabwa koo, hata bila alama, msilichukulie kama ugomvi wa kawaida. Ni miongoni mwa dalili kubwa kwamba anaweza kuuawa siku moja. Apelekwe hospitali, uvimbe wa koo unaweza kuja saa kadhaa baadaye.

#10 Dereva Noah
Mnaenda mbali. Huyo dada kafanyiwa mambo. Mtu mwenye akili zake hawezi kuaga kwenye simu anapoenda chooni. Kuna wazee wanafungua vifungo hivyo.

#11 Kahawa Chungu
Dereva, Noah yako ikikataa kuwaka asubuhi unafungua boneti au unaita mganga?

#12 Dereva Noah
Nafungua boneti. Ila binadamu hana boneti dada, ndiyo maana nasema.

#13 Mwalimu Tengeru
Mimi naliona kwenye malezi. Nafundisha darasa la pili. Kuna mtoto mmoja, ukinyanyua mkono kuandika juu ubaoni ukiwa karibu naye, anakinga uso. Hajawahi kupigwa darasani kwangu. Mwingine nikimuuliza swali anatazama kwanza uso wangu, kisha anajibu anachodhani nakitaka. Watoto hawa watakua hivyo hivyo. Wa kwanza ataoa au kuolewa akidhani nyumba ni mahali pa kujikinga, wa pili atakuwa hodari wa kusoma nyuso za watu na ataona ndiyo mapenzi. Dada, ninyi nyumbani mlilelewaje? Naomba usichukie kuulizwa.

#14 Dada wa Kibosho
Sichukii mwalimu. Baba alikuwa mkali, akirudi tulizima redio. Lakini mimi na yeye tumelelewa pamoja, kitanda kimoja. Mbona mimi siko huko?

#15 Mwana Meru
Ndiyo shida ya hoja ya malezi. Baba yetu alimpiga mama mbele yetu, hapa Usa River, mpaka mama alipokimbilia kwao. Tulikuwa wavulana wawili. Kaka anapiga mkewe. Mimi sijawahi, na sitaki hata mtoto wangu apigwe. Nyumba moja, baba mmoja. Mwalimu anisaidie.

#16 Mwalimu Tengeru
Sijasema ni lazima, nimesema ndipo inapoanzia. Wewe ulimwona mama yako anaondoka na ulikuwa na umri wa kuelewa. Kaka yako alikuwa na miaka mingapi?

#17 Mwana Meru
Yeye ndiye mkubwa, mwalimu.

#18 Jiwe la Bluu
Mmesahau pombe. Niko Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite. Mchimbaji akishika jiwe, mji mzima unajua. Wiki hiyo mke ni malkia, ananunuliwa vitenge mpaka anagawa. Jiwe likikosekana inaingia gongo, na ndani hapakaliki. Toa pombe, nusu ya nyumba hizi zinapona.

#19 Mama Wawili Njiro
Jiwe la Bluu, mume niliyeachana naye hakuwahi kuonja hata mbege ya msibani. Mlokole, anaongoza kwaya. Na siyo hasira pia, naomba watu waache kusema "ana hasira za karibu". Nilikuwepo siku mkurugenzi wake alipomtukana kwenye simu kwa sauti niliyoisikia nikiwa meza ya pili. Alijibu "ndiyo mzee, nimekuelewa mzee", akakata simu kwa adabu zote. Jioni hiyo hiyo alinivunjia sahani kwa sababu mchele ulikuwa na chuya. Mtu anayejua amkasirikie nani na amwache nani, hasira zake anazishika mwenyewe. Alikuwa anataka niogope, na niliogopa. Nilijua mlio wa gari lake kutoka barabara kuu. Watoto walikuwa wanazima televisheni kabla sijawaambia.

Kwangu mimi jibu la mleta uzi liko hapo. Mnatafuta kasoro ya mwanamke anayerudi: hana hela, kalelewa vibaya, karogwa. Muulizeni na mwanaume kwa nini anafuata mtu aliyemkimbia.

#20 Kahawa Chungu
#19 nimekusoma mara mbili. Ahsante dada.

#21 Shangazi wa Marangu
Wanangu, mnavunja ndoa za watu kwa vidole. Malaki 2:16, Mungu anachukia kuachana. Ndoa zetu tulivumilia na leo tuna wajukuu. Kila nyumba inafuka moshi.

#22 Mwalimu Tengeru
Shangazi shikamoo. Mstari huo huo haujaishia hapo. Unaendelea kumkemea mtu aifunikaye nguo yake kwa udhalimu, na kwenye mistari iliyo juu yake Malaki anawagombeza wanaume waliowatenda kwa hiana wake wa ujana wao. Wahubiri wanasoma nusu.

#23 Shangazi wa Marangu
Marahaba. Nimefungua, ni kweli upo hivyo. Lakini bado nasema uvumilivu una nafasi yake. Babu yenu alikuwa mgumu akalainika uzeeni.

#24 Bint Pasua
Kwetu Waislamu Suratun Nisaa aya ya 35 inaagiza mpatanishi kutoka upande wa mume na mpatanishi kutoka upande wa mke. Pande mbili. Kwenye kisa hiki naona wazee wa mwanaume walikuja, upande wa mwanamke baba akajibu kwa niaba na mwenyewe hakuulizwa. Na ikishindikana ipo khului, mke anaomba kujivua kwa kurudisha mahari. Uvumilivu tunaufundishwa, ila mlango upo.

#25 Kijana wa Kijenge
Wakishakaa miezi sita pamoja sheria inawahesabu mke na mume, kwa hiyo huyo dada lazima aombe talaka mahakamani. Na kisheria mume ana haki ya kumrudi mkewe kidogo, msidanganye watu.

#26 Wakili wa Kata
Kijana, yote mawili si kweli, na hili la pili ni hatari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Imeandikwa hivyo tangu 1971.

Kuhusu kukaa pamoja ni kifungu cha 160. Ni miaka miwili au zaidi, na jamii iwe inawatambua kama mke na mume. Hapo mahakama inachukulia kwamba wameoana, lakini ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Mahari: kutokuilipa yote hakubatilishi ndoa iliyofungwa, na kuitoa nusu peke yake si kufunga ndoa. Kwa hiyo kabla ya kusema "talaka", Dada wa Kibosho aangalie kama kulikuwa na sherehe ya kimila ya kumkabidhi binti. Kama ipo ndoa, ombi la talaka linaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini yao. Likishindwa linatoa hati, mnakwenda nayo mahakamani. Ukatili unaotambuliwa ni wa mwili na wa akili pia. Kipigo si sharti.

Mali: kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa fedha, mali au kazi. Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Na wanaotishiwa "ukiondoka mtoto unaniachia": kifungu cha 125 kinachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Tulichokosa ni kifungu kinachoshika hasa hali ya simu kwenye chupa ya chai. Uingereza tangu 2015 kumtawala mwenza kwa mtindo huo ni jinai, hata bila kofi. Hapa kwetu mpaka uupitishe kwenye matusi, vitisho, wizi au ukatili wa ndoa.

#27 Kijana wa Kijenge
Sawa mkuu, shukrani kwa kuninyoosha.

#28 Mtori wa Moto
Leo Kijana kanyooshwa hadharani na kashukuru. Bila shaka Yanga wameshinda.

#29 Kijana wa Kijenge
Mimi Simba, usinitukane.

#30 Siti ya Dirishani
Naomba nafasi na mimi. Ni mwanaume, naishi Moshi, Majengo. Mshahara wangu ukiingia unahamishwa siku hiyo hiyo, naachiwa nauli. Nikiuliza naambiwa mbele ya watoto kwamba mimi si mwanaume. Amewahi kunimwagia chai ya moto mguuni, hospitali nilisema jiko lilianguka. Ndugu zangu siwezi kuwaambia. Nimesoma uzi wote nikitafuta sehemu yangu, nikaikuta kwa yule dada wa Njiro, kwenye mlio wa gari. Kwangu ni mlio wa funguo.

#31 Dereva Noah
Mkuu, mwanaume unamwagiwa chai na unakaa? Jikaze bwana.

#32 Mama Wawili Njiro
Dereva, futa hilo. "Jikaze" ndilo neno nililoambiwa mimi pia, tena na mama mkwe, na lilinigharimu. #30, karibu. Uliyoyaandika ni ukatili, na hapa umeaminiwa.

#33 Muuguzi wa Zamu
#30, Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi linapokea wanaume pia. Umeungua, una haki ya PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Hali ikiwa mbaya anza hospitali, fomu itafuata, usiache kidonda kioze kwa kusubiri karatasi. Na hapa Moshi kuna KWIECO, wanatoa msaada wa kisheria, wanajua mambo ya nyumba. Watoto wanaoona hayo nao wana namba yao, 116, ni bure.

#34 Dereva Noah
Nimefuta kwa moyo mmoja. Pole mkuu, karibu stendi tunywe soda, sitauliza kitu.

#35 Nusu kwa Nusu
Hata hivyo nusu ya wanawake wa nchi hii wanapigwa, hilo linajulikana.

#36 Wakili wa Kata
Tuwe makini na namba. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta 27 kati ya 100. Na hiyo ni kutoka kwa mtu yeyote, si waume tu.

#37 Kahawa Chungu
Kwa namba za kipigo, mama yangu mdogo wa Mbuyuni hayumo, na mdogo wake mleta uzi hayumo.

#38 Fundi Simu Double Road
Mimi nazungumzia simu tu, ndiyo kazi yangu. Dada wa Kibosho, mambo haya matatu yaangalie.

La kwanza, laini imesajiliwa kwa NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ya nani? Apige *106# aone namba zilizo kwenye kitambulisho chake. Kama hiyo anayotumia haipo, maana yake iko kwa mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kwenda kwa wakala akasema imepotea, akapewa mpya. Hela na meseji zote mpya zinahamia kwake, mdogo wako anabaki na kadi iliyokufa. Wateja wangu wengi wamegundua hivyo siku waliyohama.

La pili, WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, kuna mtu anasoma. La tatu, akaunti ya Google. Ikifunguliwa na mwanaume kwa namba yake, anaweza kuona mahali simu ilipo.

Lakini asiondoe chochote ghafla. Siku utakapomtoa kwenye WhatsApp ndiyo siku atakapojua unajiandaa. Mipango ifanyike kwenye simu ya mtu mwingine kabisa, hata kitochi.

#39 Muuguzi wa Zamu
Ungeni mkono #38. Wakati wa hatari kubwa ni ule wa kuondoka na wiki zinazofuata, hata kwa mwanaume ambaye hakuwahi kupiga. Vitu vitoke kidogo kidogo: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, nakala ya NIDA, nguo mbili za mtoto. Ndugu wasimwambie "chagua sisi au yeye". Akichagua yeye, na wengi wanachagua yeye, atakuwa amewapoteza na ninyi, na ndicho mwanaume anachotaka. Mlango wako uwe wazi, usimhoji.

#40 Mtori wa Moto
Na mtaji. Sijaacha hoja yangu.

#41 Dada wa Kibosho
Wakuu nimerudi. Amekuja Moshi Jumamosi kumwona mama, mwanaume yuko Serengeti na wageni, mtandao ukawa unakatika. Sikumuuliza neno lolote la shemeji. Tulikaa nje namsuka. Katikati ya kichwa akasema mwenyewe: "Dada, zile siku asiponisemesha huwa naomba bora anipige, yaishe." Niliendelea kusuka, sikujua niseme nini.

Fundi, uliyohisi ndiyo yenyewe. Laini ni ya shemeji. Tumesajili nyingine kwa NIDA yake, kadi iko kwangu. Cheti cha mtoto kiko kwangu. Wakili, sherehe ya kimila ilifanyika, tena na picha zipo. Meku ameongea na baba kwa simu, sijui walisema nini, ila baba jana kaniuliza saluni ile Mianzini ilifungwa kwa nini. Hajawahi kuniuliza.

Jumatatu mdogo wangu amerudi Sakina.

#42 Mtori wa Moto
Umemwacha arudi? Na unajua yote hayo?

#43 Kahawa Chungu
Angemfunga kamba? Ana mtu mmoja tayari anayemwamulia aende wapi.

#44 Shangazi wa Marangu
Dada wa Kibosho, hilo neno la "bora anipige" limenikosesha usingizi. Mimi niliwahi kulisema, kijana sana, na sikumwambia mtu. Uvumilivu niliousifu huko juu nadhani ulikuwa na mambo mengine ndani yake. Hata hivyo kumbukeni huyo mtoto anampenda baba yake.

#45 Jiwe la Bluu
Bado nashikilia pombe kwa nyumba za huku. Kwa huyo shemeji sina jibu.

#46 Mgeni Boma
Samahani nadandia uzi. Mimi nimeachana na mtu, sasa anatishia kusambaza picha zangu nisiporudi au nisipomtumia hela. Nifanye nini? Nasoma chuo, naogopa nyumbani wajue.

#47 Wakili wa Kata
Usirudi na usitume hela, ukituma leo kesho anaongeza. Usifute meseji zake hata kama zinakuumiza, piga picha ya skrini zikionyesha namba na tarehe, zitunze mahali ambapo yeye hana nywila. Vitisho hivyo vinaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kusambaza picha hizo ni kosa lake, si lako. Nenda polisi na mtu mzima mmoja unayemwamini, si lazima awe mzazi. Uko Boma Ng'ombe penyewe au Moshi mjini?

#48 Mgeni Boma
Boma. Wa kwenda naye sina.

#49 Mama Wawili Njiro
Unaye. Niandikie pembeni, kesho nina safari ya Moshi na Boma ni njiani.